Namna saidikaa zilivyoingia kwenye mbio zetu

Barua yetu ya kuomba saidikaa zipewe klasi yake, yaani kundi lake la kushindania, ilisomwa kwenye kikao cha kamati ya mbio zetu za pikipiki na magari mwanzoni mwa 2017 na jibu la kwanza lilikuwa kicheko. Mzee mmoja pale, mtu wa heshima zake, amekimbiza magari ya rali tangu sisi tuko shule ya msingi, akaniuliza "kijana wangu, hilo guta lenu linabeba nyanya au matofali?" Ukumbi mzima chali, na mimi nikacheka nao, maana kama hujawahi kuona saidikaa ikikimbia kwenye vumbi huwezi kuwaza kitu kingine zaidi ya guta.

Kwa wasiojua, ni pikipiki ya kawaida tu, unaifungia fremu yenye tairi moja pembeni, kwetu inakaa kushoto kwa sababu barabarani tunashika kushoto, Warusi wenye Ural zao wanaiweka kulia. Halafu kuna mtu wa pili. Huyu kwenye mashindano hakai kama abiria wa boda, anasimama kwenye kijukwaa kashika vyuma na kazi yake ni kuhamisha uzito. Kona ya kushoto lile tairi la pembeni linataka kunyanyuka kwa hiyo anajitoa nje mpaka makalio yanakaribia kugusa ardhi, kona ya kulia anarukia nyuma ya dereva kukandamiza tairi la nyuma. Asipokuwepo, dereva anapinduka kona ya kwanza tu, kwa hiyo wanaosema huyo ni abiria mi huwa nawaangalia tu.

Wa kwangu alikuwa shemeji, mdogo wake wife. Alikuwa utingo wa Fuso njia ya Babati, yaani mtu ambaye maisha yake yote ya kazi yamepita akining'inia kwenye kitu kinachotembea. Sikumfundisha chochote. Siku ya kwanza kupanda alishika chuma, akatikisa mara mbili, akasema "shem, twende."

Kwenye kikao nilikuwa nimejiandaa na historia. Nikawaambia Isle of Man, kisiwa kile cha mbio za pikipiki karibu na Uingereza, walikimbiza saidikaa 1923, akashinda jamaa anaitwa Freddie Dixon na saidikaa aliyoitengeneza iweze kulala kwenye kona, abiria wake Walter Denny ndio alikuwa anailaza kwa mkono, na ile klasi ikaendeshwa miaka 3 tu ikafutwa mpaka ikaja kurudi 1954 na mpaka leo ipo. Nikawaambia Ulaya kuna ubingwa wa dunia wa saidikaa za kwenye matope tangu 1980 na Mholanzi Daniël Willemsen kaubeba mara 10. Mzee akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema sawa, hao wenzetu wana helikopta ya kubeba majeruhi, sisi tuna Land Cruiser moja na nesi mmoja, hebu tuambie habari za Engaruka.

Na ukweli alikuwa na hoja. Njia ya mwaka ule ilianzia Mto wa Mbu, inapita Selela mpaka Engaruka kwa kufuata chini ya ule ukuta wa Bonde la Ufa, kisha inazunguka mbugani kurudi. Anayeijua ile njia anajua makorongo yake. Kila mto unaoshuka kwenye ukuta umechimba wa kwake, mengine yana mchanga, mengine mawe makubwa kama mbuzi aliyelala, na pikipiki zilikuwa zinapitishwa kwenye vijia vya ng'ombe ambavyo gari haliingii, magari yanazungushwa njia yao. Sasa sisi tupite wapi? Hatukuwa pikipiki na hatukuwa gari. Halafu mtu wa bima naye ana lake, anataka kujua yule mtu wa pembeni ni nani kisheria, maana mashindano yakibeba abiria yeye hayumo. Na klasi haifunguliwi bila washindani watatu, hiyo ilikuwa kwenye kanuni zao tangu zamani, na sisi siku ile tulikuwa na saidikaa moja na nusu.

Ile nusu ilikuwa Boxer 150 ya mafundi wawili wa Unga Limited, pale Arusha, ambayo fremu ilikuwa bado inachomelewa. Yangu ilikuwa Yamaha XT600 ya zamani, niliuziwa na mtu aliyeacha pikipiki baada ya kuoa (mkewe nadhani ndio aliuza). Wa tatu tulimpata kwa bahati, mzee mstaafu wa mifugo, Monduli, aliyekuwa na Honda XL na kitoroli alichojitengenezea mwenyewe kubebea majani ya ng'ombe, na binti yake wa chuo ndio alikuwa anapanda nacho. Tukamwambia mzee wetu shikamoo, hicho kitoroli ukikitoa bodi na ukaongeza chuma cha kushikia ni saidikaa kamili. Akauliza zawadi ni shilingi ngapi. Tukamwambia hakuna zawadi. Akasema basi nitakuja, mradi mafuta mniwekee nyinyi.

Fundi wetu ndio alikuwa roho ya mambo yote. Watu wanadhani unachomelea tu fremu pembeni unaondoka, thubutu. Inafungwa sehemu nne, mbili chini mbili juu, halafu inapangwa. Alikuwa analaza mbao mbili ndefu zilizonyooka, moja kwenye matairi ya pikipiki, nyingine kwenye tairi la pembeni, anapima nafasi kati yao mbele na nyuma, na mbele lazima pawe pembamba kidogo, milimita 15 mpaka 20 hivi, yaani tairi la pembeni liangalie ndani kidogo. Pikipiki yenyewe anailaza nje kidogo, kitu cha nyuzi moja au mbili. Usipofanya hivyo mikono inakufa kwa kuvuta usukani. Na hata ukifanya bado ina tabia zake, ukifungua mafuta inavuta kushoto kwa sababu kile kitoroli kinaburuzwa, ukishika breki kitoroli kinataka kukupita kwa hiyo inakwenda kulia. Aliyezoea pikipiki ya kulala kwenye kona hapa anaanza upya, usukani unaukata kama wa gari. Mwanzo tuliweka tairi la bajaji pembeni kwa sababu ni rahisi kupata, likawa linazama kila jiwe na kila shimo, tukatoa tukaweka ringi ya boda. Spoku nazo zikawa zinakatika, spoku za pikipiki hazikutengenezwa kusukumwa ubavuni, tukaweka nene zaidi.

Sasa habari ya njia. Kubishana kwenye kikao tulikuwa tunapoteza muda kwa hiyo shemeji akaja na wazo lake la kiutingo kabisa, akakata fimbo ndefu sawasawa na upana wa saidikaa pana kuliko zote, mita moja na nusu na ushee, akafunga kitambaa chekundu ncha zote mbili. Tukaenda na boda ya kawaida tukapita njia nzima ya pikipiki, kila penye shaka anashuka, anaishika ile fimbo kiunoni kwa mikono miwili na anapita nayo. Ikigusa, tunaandika. Wachungaji wakawa wanatufuata. Mtoto mmoja wa Kimaasai akauliza tunatafuta nini, shemeji akamjibu tunapima barabara ya lami inakuja, nikamwambia acha utani bwana watu watapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji. Na kweli mwenyekiti alikuja na pikipiki yake, ikabidi tukae chini tuongee vizuri, tukaeleza mpaka akaelewa, na yeye ndio akatuonyesha njia ya pembeni ya korongo lililokuwa linatushinda baada ya Selela, njia ya mikokoteni ya punda, pana vizuri.

Mwisho wa siku palipokataa fimbo ni sehemu chache kuliko hata mimi nilivyotegemea. Tukapeleka karatasi kwenye kamati, na michepuko yake imechorwa, na ile fimbo tukaibeba mpaka kikaoni. Mzee aliishika akaipima kwa mkono, akauliza maswali ya maana sana, korongo lile lina mteremko gani, mkizima katikati nani atawasukuma, vumbi je. Pale nikajua tumeingia. Yeye mwenyewe ndio akapanga mpangilio, pikipiki zianze kila dakika moja kama kawaida, saidikaa nyuma yao, halafu nusu saa nzima kabla ya gari la kwanza, na gari likitufikia tunapisha bila mjadala. La bima likaisha kwa yule wa pembeni kuandikishwa kama mshindani, na leseni yake, na sahihi yake, na helmeti inayokaguliwa. Wakaongeza swichi ya kamba, dereva akianguka kamba inachomoka injini inazima, hilo tulilikubali hata hawajamaliza kusema.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa saba, baridi asubuhi, upepo. Vumbi la kule si mchezo, ni majivu ya volkano, mlima Lengai uko pale juu na mara ya mwisho kulipuka kwa nguvu ilikuwa 2007, ukikanyaga linapanda lenyewe na likishapanda halishuki. Kuanza nyuma ya pikipiki zote maana yake unakula vumbi la watu wote. Nilikuwa naona mkono wangu na basi. Ila kwenye mchanga wenzetu wa tairi mbili walikuwa wanaanguka wanaokota pikipiki, sisi tunapita tu resi imefunguka, shemeji anahama kushoto kulia kama anacheza, na kila tukimpita mtu anampungia.

Korongo la mwisho kabla ya Engaruka ndio lilikuwa mtihani. Kushuka nikashika breki ya nyuma pole pole, ikaanza kwenda kulia kwenye ukingo, sikusema kitu maana hata ningesema asingesikia, shemeji alikuwa ameshajitupa kushoto na nyuma, kisigino kinachora mchanga, ikanyooka. Kupanda ng'ambo akaja mbele karibu anilalie tenki ili usukani usinyanyuke. Juu pale alikuwepo mtu wa kugonga kadi ya muda, akatuangalia, akasahau kugonga, ikabidi tumkumbushe.

Mafundi wa Unga Limited waliishia kwenye mchanga, klachi iliungua, Boxer ina nguvu za farasi 12 hivi na walikuwa wanaume wawili wenye miili yao. Tuliwakuta wamekaa kivulini wanakula miwa sijui waliitoa wapi. Sisi tukawa wa pili. Aliyeshinda ni yule mzee wa mifugo na kale ka-Honda kake, mwendo wa kawaida kabisa, ila binti yake alikuwa ameisoma rodibuku, kile kitabu cha kuelekeza njia, kama mtihani wa taifa, hawakupotea hata mara moja, wakati mimi na shemeji tulizunguka mbugani tukitafuta mti ambao karatasi inasema upo na huenda mtu alishaukata mkaa. Hapo ndio faida ya saidikaa ambayo watu hawaioni, kwenye pikipiki unasoma na kuendesha peke yako, kwenye saidikaa una msomaji kama rali za magari, ilimradi awe anajua kusoma ramani na sio kupungia watu.

Fomu za mwaka uliofuata zilipotoka klasi ilikuwa imechapishwa, mstari wake kabisa, Saidikaa. Ada wakaandika ya watu wawili, karibu sawa na ya gari. Tulipeleka malalamiko, mzee akasema mlitaka mtu wa pembeni awe mshindani, basi alipe kama mshindani. Fundi wa Unga Limited alitukana njia nzima kurudi gereji, halafu akanikopa hela ya ada.