Kufunga mwamba wa pweza: kazi iko siku ya kufungua

Kijiji cha pwani ya Tanga kikifunga mwamba miezi mitatu, yaani kikikataza kuvua pweza hapo, hakimwonei pweza huruma. Kinataka kuvuna zaidi, na ndiyo maana mwamba huo unapata walinzi bila kulazimishwa. Pweza wa miamba hii huishi mwaka mmoja na ushee tu, ila hukua upesi mno: wa nusu kilo akiachwa miezi miwili mitatu huvuka kilo. Kanuni zinakataza kuvua wa chini ya gramu 500, lakini jike hukomaa akikaribia kilo mbili, kwa hiyo mizani peke yake haimwokoi.

Fungeni kipande, si mwamba wote. Mkifunga kote, kina mama wanaovua kwa miguu maji yakitoka watakosa kitoweo, na mwizi wa kwanza atakuwa jirani mwenye njaa. Boya la kuonyesha mpaka lisitupwe kabla mkutano wa kijiji haujapitisha adhabu na BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, haijapanga zamu za ulinzi. Wala msiongeze miezi kiholela: wakubwa watataga na kufa kabla hamjavuna. Wanakijiji wa Andavadoaka, Madagascar, walioanza kufunga mwaka 2004, nao hufunga kwa miezi tu.

Kufungua ni siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, na hapo ndipo mengi huharibika. Habari zikienea, wageni huja kwa mashua, matumbawe yanakanyagwa na kuvunjwa kwa nondo, na faida yote inaisha kwa siku mbili. Amueni mapema nani anaingia, saa ngapi, kwa zana gani. Bei nayo ikubaliwe kabla. Pweza wakiletwa kwa mkupuo barafu haitoshi, na mnunuzi anajua hamna pa kuwaweka.

Kubwa kuliko yote, mwacheni jike anayelalia mayai. Tundu la pweza anayewinda lina maganda mapya ya kaa na chaza mlangoni. La jike anayelalia limezibwa kwa mawe, maganda mapya hakuna kwa sababu hali kitu, na mayai yananing'inia darini kama punje za mchele zilizotungwa uzini. Hukaa hivyo kama mwezi. Yakianguliwa, naye hufa. Ukimchoma kwa nondo kabla, unapata nyama iliyokonda na unaua maelfu kwa maelfu ya watoto wake. Kwangu, faini iwe kubwa zaidi hapa kuliko kwingine kokote.

Bamvua likiisha, fungeni tena. Kila pweza aliyepimwa aandikwe, uzito na sehemu alikotoka, ili tarehe ijayo ya kufungua ipangwe kwa daftari.