Vyumba viwili kugeuka kimoja: mitego ya ontolojia katika programu zinazotambua muktadha

Tuchukue programu inayozima milio ya simu mkutano unapoanza. Ili ielewe mazingira yake huundiwa ontolojia, yaani ramani rasmi ya aina za vitu na uhusiano wao. Wengi hufungua Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, na kuchora klasi (aina za vitu) papo hapo: Mtu, Chumba, Kifaa. Ni mapema mno. Andika kwanza maswali ambayo programu italazimika kuyajibu, kama "Nani yumo chumba A sasa hivi?" Kila swali liwe hoja ya SPARQL (lugha ya kuuliza data) inayojaribiwa kila ontolojia inapoguswa. Klasi isiyosaidia kujibu swali lolote ifutwe. Istilahi za vihisi na vipimo zimo tayari kwenye SOSA, ontolojia ya vihisi iliyopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2017, usizibuni upya.

Shughuli yenyewe iko kwenye mantiki ya OWL, lugha ya kuandikia ontolojia. Tuseme umetamka kwamba uhusiano "yumoChumba" una thamani moja tu kwa kila mtu. Kihisi cha chumba A kinamsoma mtu, kisha cha B kinamsoma, na taarifa ya A bado ipo. Ungetarajia kosa. Badala yake injini ya mantiki, programu inayotoa hitimisho kutokana na ontolojia na data, inahitimisha kwamba A na B ni chumba kimoja, na mkutano wa A unazima simu za walioko B! Kwa OWL, majina mawili yanaweza kuwa ya kitu kimoja mpaka utamke vinginevyo kwa owl:AllDifferent. Ukitamka, taarifa zinapingana, na kwenye mgongano kila hitimisho linaruhusiwa, kwa hiyo majibu hayafai tena. Dawa ni kufuta taarifa ya zamani kabla ya kuweka mpya, na kukagua data kwa SHACL (lugha ya kanuni za ukaguzi wa data) kabla haijafika kwenye injini.

Vilevile, kihisi kisiposoma mtu, OWL haisemi chumba ni kitupu; inasema haijui. Utupu uamuliwe nje ya injini, kwa FILTER NOT EXISTS (sharti la SPARQL la "taarifa haipo") pamoja na kikomo cha muda.

Vipimo ghafi navyo visiingie kwenye injini. Tabaka la chini liyageuze mafuriko ya namba kuwa hali chache, lenye vizingiti viwili: "kelele" ianze kwa mfano desibeli 60 na iishe 55, la sivyo hali itayumba kila sekunde. Injini ipokee mabadiliko ya hali tu. Ikiwa bado inachelewa, punguza lugha iwe OWL 2 RL au EL (matoleo mepesi ya OWL) kabla ya kununua seva kubwa zaidi.