Ndege ikigusa kitu chini, msiseme "imekwaruzwa tu"

Watu wakisikia ajali ya ndege wanawaza angani. Mimi kazi yangu ni kuendesha wageni, nashinda sana pale uwanja wa Arusha, Kisongo, na kinachonipa wasiwasi zaidi ni ndege ikiwa bado chini, inatoka kwenye maegesho au inarudi kupaki, maana pale ndo zinakaa karibu karibu kuliko mahali pengine popote, na kuanzia Julai mpaka Oktoba wageni wakijaa Serengeti vindege vinaingia na kutoka asubuhi nzima.

Chukulia Cessna Caravan, kile kindege cha propela moja kinachobeba wageni. Ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa ni karibu mita 16, na urefu wake hata ile ndefu zaidi, Grand Caravan, haufiki mita 13, yani ni pana kuliko ilivyo ndefu. Matairi makubwa yameachana kama mita 3.5 tu. Kwa hiyo rubani anaweza kupita juu ya mstari wa njano uliochorwa chini kumwongoza sawasawa kabisa na bado kila upande ana mita kama 6 za bawa zinaelea nje ya matairi, na yeye amekaa kushoto, ile ncha ya kulia iko mbali na juu, anaikadiria tu kwa macho. Mstari wenyewe unasaidia kama ndege ya jirani imepaki ilipotakiwa, ikiwa imeacha mkia umetokeza basi mstari hauna msaada. Na kwenye kona ndo balaa zaidi, bawa la nje linapiga duara kubwa na linaenda kasi kuliko ndege yenyewe, mkia nao unafagia nje.

Msidhani ni shida ya ndege ndogo au ya Afrika. Aprili 2011 pale uwanja wa JFK, New York, A380 ya Air France, lile dege la ghorofa mbili, iligonga kwa bawa mkia wa ndege ndogo ya abiria ikaizungusha palepale, na Septemba 2024 kule Atlanta A350 ya Delta, nayo dege kubwa, iliung'oa mkia wa CRJ, jeti ndogo ya abiria iliyokuwa imesimama. Kote huko watu walitoka salama, namshukuru Mungu. Ila uwanja wa Linate, Milan, Oktoba 2001, kijeti cha Cessna kilipotea njia kwenye ukungu kikaingia ranwei wakati MD-87, ndege ya abiria ya shirika la SAS, inaruka, wakafa watu 118. Kupotea njia chini tu.

Sasa hili la "kukwaruzwa". Daladala zikigongana saiti mira pale stendi, makonda wanatukanana kidogo safari inaendelea. Ndege haiko hivyo jamani. Ukigonga ncha ya bawa nguvu inasafiri mpaka shinani bawa linapoungana na mwili, na ufa ukiwa ndani huuoni kwa nje, na kwenye Caravan mafuta yenyewe yanakaa humohumo kwenye mabawa. Propela ikigonga kitu injini nayo lazima ikaguliwe, hata kama inazunguka vizuri. Cha kusikitisha ni kwamba hata kanuni za kimataifa za uchunguzi, Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinasema uharibifu ukiishia ncha ya bawa au propela na hakuna aliyeumia vibaya kwa kawaida hauhesabiwi kuwa ajali. Naelewa sababu, hawawezi kuchunguza kila kitu, lakini mtu akilisikia vibaya anaona ruhusa ya kunyamaza. Hata waliokuwa wanaisukuma ndege kwa mikono kwenye hanga, banda lake, ikagusa mlango, waseme. Anayesema asifokewe, maana mkimfokea leo kesho atakaa kimya.

Rubani akisimama katikati ya maegesho akazima injini ili yule jamaa wa reflekta akaangalie nafasi kwenye bawa, huyo ndo rubani ninayetaka abebe wageni wangu, na mgeni akinuna kwa dakika tano za kusubiri namweleza hivyohivyo.

Na sisi madereva tunahusika, hasa kule porini Serengeti, viwanja vya Seronera na Kogatende, ambako gari linafika karibu kabisa na ndege. Naona Land Cruiser zinasogezwa mbele ili mgeni asitembee, paa limefunguliwa, antena ya redio ya mawasiliano imesimama, na ndege inakuja kugeuza hapohapo. Rudisheni magari nyuma kabla haijatua, acheni nafasi ya bawa zima na zaidi, msisogee mpaka propela isimame kabisa. Mizigo tutabeba kwa mkono.