Nilivyoficha majina ya mafundi bila kuua kumbukumbu za mitambo

Kiwanda ninachofanyia kazi kinachakata sangara pembezoni mwa ziwa hapa Mwanza. Mimi natunza kumbukumbu za matengenezo: kompresa za amonia, mashine za barafu, pampu za kuvuta maji ziwani, vyumba vya baridi, jenereta. Kila ubovu una kadi yake ya kazi, fundi wa zamu anaijaza kwa kalamu, nami naiingiza kwenye Excel. Chuo kimoja kilipoomba kumbukumbu za miaka kadhaa, wanafunzi wake wachunguze kwa nini beringi za kompresa zinakufa mapema, wakubwa walikubali. Nami nilikubali, kwa sharti kwamba fundi yeyote asitambulike humo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatubana. Ila hata isingekuwepo ningefanya vilevile. Fundi anayeandika "nilichelewa kuongeza oili, beringi ikaungua" ametupa habari ya thamani kubwa. Akisikia kwamba maneno hayo yamesomwa na watu asiowajua, jina lake likiwa pembeni, kadi inayofuata ataandika "beringi mbovu" basi. Hapo hata chuo kikuu hakitajua kompresa inaumwa nini.

Nilitumia OpenRefine. Ni programu ya bure ya kusafisha data za majedwali. Inafunguka ndani ya kivinjari lakini inafanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe, data haipandi kwenye seva ya mtu.

Nilianza na kolamu ya jina la fundi. Kanda hii l na r hupishana sana, kwa hiyo kuna Mabula, Mabura, na Mabula mwenye nafasi tupu mwishoni. Programu inayakusanya maandishi yanayokaribiana na kukuuliza kama ni kitu kimoja. Swali hilo usiiachie mashine ijibu. Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto, na kiwanda kikubwa hakikosi Kulwa zaidi ya mmoja. Nilikaa na fundi mkuu na ratiba za zamu, tukawatenganisha mmoja mmoja.

Kisha kuweka namba badala ya majina. OpenRefine ina amri ya md5, inayogeuza neno kuwa mlolongo wa herufi na tarakimu usiosomeka, na wengi huishia hapo. Mimi sikuiamini. Mwaka 2014 data za safari za teksi za New York zilitolewa zikiwa zimefichwa kwa MD5 hiyohiyo; kwa kuwa namba za leseni za teksi zina mpangilio unaojulikana, mtu alizikokotoa zote zinazowezekana na kuzifichua upesi. Namba zetu za mishahara, ambazo kila mfanyakazi ana yake, zina tarakimu nne. Hizo ni 10,000 tu, kompyuta ya kawaida inazimaliza papo hapo. Nikatengeneza jedwali la pembeni lenye misimbo ya kubahatisha, nikaliunganisha kwa amri ya cross. Jedwali lenyewe liko kwenye kabati la chuma la meneja, halijatoka humo.

Kazi hasa ilikuwa kwenye kolamu ya maelezo. Fundi akiandika huandika kama anavyoongea. Tuna watu wanaoitwa Shida, Mashaka, Masumbuko. Ukiamuru kila "shida" ibadilishwe kuwa msimbo wa fundi huyo, tuseme F17, "pampu ina shida" inakuwa "pampu ina F17", na sentensi imekufa. Ukifuta kila namba yenye tarakimu nne ukidhani ni ya mshahara, unafuta 6205, ambayo ni aina ya beringi, yaani kitu hasa ambacho chuo kinakitafuta. Namba za simu zilikuwa rahisi: tarakimu kumi, zinaanza na 06 au 07. Majina ilibidi niyapitie kwa kuchuja, neno baada ya neno, nikisoma sentensi nzima kabla ya kugusa kitu.

Baada ya majina kuisha nilimchukulia fundi mkuu kurasa chache.

"Mzee, humu kuna mtu unamtambua?"

Alisoma taratibu. "Namtambua, mwanangu. Umeandika 'dada wa umeme'. Dada wa umeme hapa ni mmoja. Na huyu aliyekwenda msibani Ukerewe, nani asiyemjua?"

Ni kweli fundi mkuu anajua mengi kuliko msomaji wa nje. Lakini wanafunzi hao huja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, wangeweza kuunganisha mambo. "Dada wa umeme" akawa "fundi umeme", msiba ukaondoka. Maelezo ya walioumia niliyatoa yote, nikabakiza kilichotokea kwenye mtambo. Afya ya mtu haisaidii kuelewa beringi.

Tarehe pia husema. Mwenye ratiba ya zamu akiona tarehe na "usiku" ana jina tayari. Nilisogeza tarehe zote kwa idadi moja ya wiki kamili, ninayoijua mimi na meneja. Siku kati ya ubovu mmoja na mwingine zilibaki zilezile, Jumapili ikabaki Jumapili. Wiki zenyewe ni chache, mvua isije ikahamia kiangazi. Palipoandikwa umeme umekatika nchi nzima niliacha "umeme ulikatika" tu, maana siku ya namna hiyo inajulikana na ingefichua hesabu yangu.

Nilipotoa faili nilitoa CSV peke yake, yaani jedwali la maandishi matupu. Mradi mzima wa OpenRefine unabeba historia ya kila badiliko, pamoja na majina ya mwanzo. Anayeutuma kwa mtu ametuma kila kitu alichoficha. Hata orodha ya hatua peke yake inaweza kubeba majina uliyoyaunganisha.

Sasa tumebadilisha kadi ya kazi. Jina la fundi lina kipande chake kinachochanika, aliyeumia anaandikwa kwenye fomu ya usalama, na nafasi ya maelezo imepanuliwa, kwa sababu mafundi walisema ilikuwa inawabana.