Koyoti husikia mlango wa gari kabla ya kilio cha sungura

Huku magharibi mwa Kansas, Marekani, wafugaji hawapendi kumwona koyoti akizungukazunguka karibu na ng'ombe wenye ndama wachanga. Mzee mmoja mwenye ranchi aliniruhusu niwinde kwake, nami nikaanza kazi ya kumwita mnyama huyu, ndugu wa bweha wetu, kwa mlio wa sungura aliyenaswa, unaotoka kwenye spika.

Watu hubishana sana kuhusu spika na milio, ipi bora. Mimi naona mambo huamuliwa kabla ya mlio wa kwanza. Gari naliacha mbali, nyuma ya kilima, na mlango nausukuma taratibu bila kuubamiza. Funguo na sarafu hubaki humo. Suruali ya nailoni, ile inayochakarisha kila hatua, siivai. Navaa ya sufu. Theluji ikiganda usiku, kila hatua ni kama mtu anatafuna bisi, basi napita kwenye vijia vilivyokwisha kukanyagwa na ng'ombe.

Si kila kelele humkimbiza. Pampu za kuvuta mafuta ardhini huko mashambani hutikisa vichwa mchana kutwa, na koyoti hupita kando yake bila wasiwasi. Trekta la kupeleka nyasi, vivyo hivyo. Kinachomshtua ni chuma kugonga chuma mahali asipotarajia mtu. Kwa hiyo trekta likinguruma, ndipo ninapotembea.

Upepo ndio mtihani, na Kansas haina uhaba wa upepo! Ukivuma kwa nguvu, mlio haufiki mbali kule unakotoka upepo, na nyasi zinazochakacha huumeza. Siku hizo naongeza sauti na vituo vyangu, yaani mahali ninapokaa kuita, navisogeza karibukaribu. Asubuhi tulivu ya baridi kali ni kinyume chake: hewa baridi iliyolala chini huirudisha sauti ardhini, ikasafiri mbali. Hapo naanza na sauti ndogo mno, maana huenda koyoti amelala bondeni palepale, na kishindo cha ghafla kitamtimua.

Akija, huzunguka akitafuta harufu upande unakoelekea upepo. Spika naiweka hatua kama 40 kutoka nilipo, ili masikio yake yamwelekeze huko, si kwangu. Hata mlio wa vitufe vya rimoti nimeuzima. Nasubiri kama dakika 20, kisha naondoka kimya vilevile nilivyoingia. Wengine huinuka wakipiga soga, kumbe koyoti alikuwa bado njiani.