Saa kumi na moja za kucheza, halafu tukarudishwa mwanzo

Jumapili tulikufa tena. Tulikuwa watatu barazani kwangu Nkuhungu: mimi, mke wangu na mdogo wake. Kadi za The 7th Continent, gemu ya kutalii nchi usiyoijua, tulizitandaza mkekani, kila moja na kokoto yake juu, maana upepo wa Dodoma mwezi wa saba hauna huruma. Tulishatumia saa kumi na moja katika Jumapili tatu. Kadi moja ya laana ikatoka, basi, kila kitu kikarudi sandukuni.

Waliobuni gemu hii ni Wafaransa wawili, Ludovic Roudy na Bruno Sautter. Mwaka 2017 ilichangiwa zaidi ya dola milioni 7 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha za miradi, na sifa zake nilizisikia muda mrefu kabla sijaishika.

Utamu upo, na ni mkubwa. Ramani hakuna. Unasimama kwenye kadi moja, pembeni ukungu. Ukisonga unafunua kipande kingine na mto unaendelea palepale ulipoishia. Shemeji ndiye mwenye macho. "Shemeji, hebu ona hapa kwenye jiwe." Nikaiinamisha kadi juani: tarakimu tatu, ndogo kama punje za ulezi, zimefichwa kwenye ufa wa mwamba. Tulipoitafuta kadi ya namba ile sandukuni, kelele zetu zilimleta jirani getini.

Halafu kuna lile rundo la kadi za matendo, ndilo uhai wenu. Ni moja kwa wote. Kupanda mlima, kuwasha moto, kuvua samaki, kila tendo linakula kadi humo. Likiisha unaokota kwenye zilizokwisha kutumika, na ukikutana na laana mmekufa wote. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Ni kihenge cha mtama mwezi wa pili. Bibi yangu Chamwino alikuwa anapima unga kwa kikombe huku anahesabu siku hadi mavuno. Mke wangu anacheza vilevile: "Tumebakiwa na ngapi?" kabla hata sijamaliza kuwatafsiria Kiingereza cha kwenye kadi.

Kinachoniumiza ni uwindaji. Rundo linajazwa hasa kwa kuwinda, na kuwinda kwenyewe kunakula kadi. Ukikosa, unawinda tena. Jumapili ya pili tulimaliza karibu saa nzima hivyo, hatukuona hata kipande kimoja kipya cha nchi.

Na kufa ndiyo mbaya zaidi. Ukianza upya, nchi ni ileile. Sijafunua, shemeji ameshasema, "Hapo tulikuta pango." Raha yote ya gemu hii ni kutojua kilicho mbele, na adhabu yake inakunyang'anya hichohicho. Kwangu hilo ni kosa la msingi, na sifa zote zile sikusikia zikiligusa.

Kwa hiyo tumeweka sheria yetu. Shemeji alipiga picha mkeka mzima kabla hatujakusanya. Jumapili ijayo tunaupanga upya kama ulivyo kwenye simu, tunaanzia kwenye lile jiwe lenye namba, rundo likiwa nusu. Mke wangu ndiye atakayelishika.