Solo ya tarumbeta kwa kijana wa sekondari: anza na midomo

Mwalimu anapomtafutia solo kijana wa miaka 14 au 15, mara nyingi jicho lake linakimbilia noti ya juu kabisa kwenye karatasi. Akiona kijana anaifikia, uamuzi umeshafanyika. Kipimo hicho kinapotosha. Kijana anaweza kuigusa A iliyo juu ya mistari mitano ya noti asubuhi, midomo ikiwa bado mipya, halafu jioni akashindwa kumaliza wimbo usiovuka hata G. Wimbo huo unamkalisha kwenye E na F dakika tatu mfululizo bila kumpa nafasi ya kushusha tarumbeta. Kwenye tarumbeta midomo huchoka mapema kuliko vidole na mapafu, na solo isiyoijali midomo itaanguka mbele ya watu hata kama mpigaji anajua kila noti.

Kwa hiyo chukua karatasi ya tarumbeta na penseli kabla hujamwonyesha kijana chochote. Zungushia kila sehemu yenye mapumziko ya vipimo viwili au zaidi (kipimo ni nafasi kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi), yaani mahali ambapo anaweza kuondoa tarumbeta mdomoni kabisa na damu ikarudi midomoni. Kisha hesabu vipimo vilivyo kati ya pumziko moja na jingine. Kwa mpigaji mwenye miaka miwili au mitatu ya mazoezi, sipendi kuona zaidi ya vipimo 24 vya mwendo wa wastani bila pumziko. Baada ya hapo tia alama kila noti iliyo juu ya D ya mstari wa nne. Alama zikijaa ukurasa mzima, iweke solo hiyo kando, hata kama noti ya juu kabisa ni G tu. Zikiwa zimejikusanya kwenye vilele viwili vitatu, na sehemu kubwa ya wimbo ikikaa kati ya G ya mstari wa pili na D, hiyo ni solo ya kijana.

Kuhusu noti ya juu yenyewe, nashika kanuni hii: iwe chini kwa toni mbili kamili kuliko noti anayoweza kuipiga mara tatu mfululizo mwishoni mwa mazoezi. Mwanzoni mwa mazoezi hapimwi. Kama mwisho wa saa nzima bado anatoa A safi, solo yake iishie F. Akichoka ataanza kukandamiza kipande cha mdomoni kwenye midomo ili noti za juu zitoke. Damu inapungua midomoni, sauti inakuwa nyembamba, inapanda juu kuliko ya piano inayomsindikiza, kisha noti inapasuka. Cha kwanza kupotea ni kuanza kwa sauti ndogo: anapuliza, hewa inatoka, noti haiji. Alama nzito ya duara kwenye mdomo wa juu baada ya kupiga ni ushahidi kwamba solo imemzidi.

Noti ninazotaja ni zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya tarumbeta ya B-flati, ambayo ndiyo wanayotumia wanafunzi karibu wote. C ya karatasi hiyo husikika B-flati kwenye piano. Waliojifunzia kanisani wanahitaji uangalifu hapa. Katika desturi ya Kijerumani ya kwaya za tarumbeta, wapigaji wa ala za B-flati husoma noti kama zinavyosikika, na makanisa ya Kilutheri na Kimoravian ya Tanzania yana historia ndefu na wamisionari wa Kijerumani. Kijana akitoka katika kundi lenye asili hiyo, mwonyeshe C ya nafasi ya tatu na utazame vidole vyake. Asipobonyeza vali yoyote, anasoma kama wapigaji wengi wa B-flati. Akibonyeza vali ya kwanza, anasoma kwa desturi ile, na solo ya kawaida ataipiga toni nzima juu ya piano. Usimlazimishe kujifunza upya wiki sita kabla ya onyesho. Matoleo mengi ya solo huja na karatasi mbili, moja ya B-flati na moja ya tarumbeta ya C. Mpe ile ya C, ataisoma moja kwa moja.

Toleo lina uzito wa pekee katika muziki wa zamani. Maachi maarufu ya mtunzi wa Kiingereza Jeremiah Clarke, ambayo kwa miaka mingi watu walidhani ni ya mtunzi mwenzake Purcell, asili yake ni ufunguo wa D. Ukiipiga hivyo kwa tarumbeta ya B-flati unaangukia E yenye shapu nne (alama za kupandisha noti), na wimbo unapanda. Kuna matoleo yaliyoshushwa hadi B-flati, na hapo kijana anasoma C isiyo na shapu wala flati. Wimbo ni uleule, lakini ugumu umetofautiana mno. Usinunue kwa kuangalia jina pekee.

Sasa ulimi. Tafuta mfululizo mrefu kuliko yote wa noti za robo pigo, zile za nne katika pigo moja, na uangalie mwendo ulioandikwa. Kwa mapigo 96 kwa dakika, robo pigo ni noti 6.4 kwa sekunde. Kwa 120 ni noti 8. Ulimi mmoja, yaani kuanza kila noti kwa tu, wa kijana wa umri huu kwa kawaida huanza kujikaza kati ya hapo. Mpime na metronomu, kifaa kinachohesabu mapigo: apige G ya mstari wa pili, robo pigo, vipimo vinne mfululizo, kuanzia 80 na kupanda 4 kila mara. Mwendo wa mwisho ambao noti bado ziko sawa ndio mpaka wake. Solo inayotaka zaidi ya hapo inadai ulimi wa kupokezana, tu-ku-tu-ku, na ufundi huo unahitaji miezi ya mazoezi yake peke yake. Ukimfundisha ndani ya solo, atabaki na ku dhaifu inayosikika kama kigugumizi.

Angalia pia chini ya mistari. D na C-shapu za chini hupigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu, au zote tatu, na kwa asili ya chombo hutoka juu kuliko zinavyotakiwa. Dawa yake ni kusukuma nje mrija wa vali ya tatu kwa kidole cha mkono wa kushoto. Tarumbeta nyingi za shule zina mrija huo uliokwama kwa kukosa grisi. Kama solo ina D ya chini ndefu na mrija hautembei, tengeneza mrija kwanza au chagua solo nyingine, kwa sababu hakuna juhudi ya kijana itakayoirekebisha noti hiyo kwa uzuri.

Kosa ninaloliona zaidi ni kumpa kijana sehemu ya kwanza ya konseto (wimbo wa ala moja na okestra) ya Haydn. Naelewa mvuto wake. Haydn aliiandika mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger wa Vienna, aliyekuwa na tarumbeta ya vitufe iliyoweza kupiga nusu toni mfululizo pale ambapo tarumbeta ya kawaida ya wakati ule haikuweza. Kila mpigaji huja kuipiga siku moja. Lakini ina trili (noti mbili zinazopishana haraka), miruko mipana, noti za juu zinazorudi wakati midomo imeshachoka, na kila mwamuzi anaijua kipimo kwa kipimo. Kama kijana ana hamu nayo, mpe sehemu ya pili, ile Andante. Kwa tarumbeta ya B-flati inaandikwa katika B-flati, ni ya polepole na haina fujo ya vidole. Kazi yote ni pumzi na kuunganisha noti. Konseto ya Hummel ya mwaka 1803, nayo iliyoandikwa kwa Weidinger, iache mpaka miaka ya mwisho ya sekondari. Vivyo hivyo Légende ya Enesco, iliyoandikwa mwaka 1906 kwa mtihani wa Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris.

Nini kinafaa, basi? Kwa aliye mwanzoni kabisa, vipande vifupi vya Hale A. VanderCook vyenye majina ya nyota, kama Vega na Altair, vimeandikwa na mtu aliyejua midomo ya wanafunzi. Ukipanda ngazi, English Suite ya Bernard Fitzgerald ina sehemu tano fupi, na unaweza kuchagua mbili zinazopishana, ya polepole na ya haraka. Naipenda kwa sababu hiyo: kijana akishindwa na moja, huanzi upya na kitabu kingine. Petite pièce concertante ya Guillaume Balay, aliyeongoza bendi ya Garde Républicaine ya Ufaransa, inampa nafasi ya kuimba na ya kuonyesha vidole. Andante et Allegro ya Ropartz ni hatua ya juu yake. Tatizo lake huanza mapema: Andante inataka sauti laini na pumzi ndefu, na aliyeizembea kwenye mazoezi kwa haraka ya kufika Allegro, sehemu ya haraka, huifikia akiwa amekwisha. A Trumpeter's Lullaby ya Leroy Anderson, ya mwaka 1949, inampendeza kila msikilizaji, ila inataka sauti ndogo na ulimi mwepesi. Usimpe kijana ambaye bado anapiga kila kitu kwa nguvu.

Kabla hujaamua, uliza kuhusu meno. Kijana akiwa karibu kufungwa au kutolewa vyuma vya meno, tarehe hiyo inatawala kila kitu. Vyuma vikishafungwa, noti za juu hupotea kwa wiki kadhaa na midomo huumia ikikandamizwa. Vikitolewa, mkao wa midomo unabadilika tena. Katika kipindi hicho chagua solo inayoishia D au E, ya kuimba zaidi kuliko kukimbia, na awe na nta ya meno kwenye boksi la tarumbeta.

Kama solo ni ya mashindano au mtihani, soma orodha rasmi kabla ya kununua, na uwe makini na namba. Texas, orodha ya UIL, chama cha mashindano ya shule, ina madaraja matatu, na la 1 ndilo gumu kuliko yote. New York, NYSSMA, chama cha muziki wa shule, wana ngazi sita, na ya 6 ndiyo ngumu. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambayo wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania hufanya, inapanda kutoka 1 hadi 8, na kuanzia la 6 unatakiwa uwe umeshafaulu nadharia ya daraja la 5 au mbadala wake unaokubalika. Mzazi akisikia "daraja la 1" bila kuambiwa orodha gani, hajui chochote bado. Na usitegemee fotokopi. Waamuzi wengi hutaka nakala halisi mezani, na kijana anaweza kuzuiwa kwa sababu ya karatasi hiyo tu.

Usimsahau mpiga piano. Konseto zina piano iliyobanwa kutoka muziki wa okestra, ngumu kwa mtu anayesaidia kwa hisani, na zina utangulizi mrefu. Kata utangulizi, bakiza vipimo vinne hadi nane kabla kijana hajaingia, na uandike mkato huo kwenye karatasi zote mbili. Wakutane walau mara tatu, mara ya kwanza ikiwa wiki tatu kabla. Wapatanishe sauti baada ya tarumbeta kupata joto. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam tarumbeta itapanda juu ya piano, na mrija mkuu utavutwa nje kuliko kijana alivyozoea nyumbani penye ubaridi.

Mpe solo mbili, si moja, wiki nane hadi kumi kabla. Kila moja aisome wiki nzima kwa nusu ya mwendo. Mwisho wa wiki apige kila moja mara mbili mfululizo bila kusimama, dakika moja tu katikati, na wewe usikilize mara ya pili. Noti zikikosewa si kitu, bado ni mapema. Sikiliza sauti. Ile ambayo mara ya pili bado ina sauti nene kwenye ukurasa wa mwisho, hiyo ndiyo aichukue, na nyingine irudi kabatini mpaka mwakani.